Amehama kitandani, anasema ni mgongo

*"Shangazi, shikamoo. Nimeolewa miaka 12, tunaishi Umoja na watoto wetu wawili. Mume wangu ni dereva wa matatu. Tangu Juni amehama kitandani, analala mkekani sebuleni, eti mgongo. Mama mkwe ndiye aliyemwambia alale chini. Godoro letu halina kasoro. Ni la inchi nane, nililinunua kwa pesa za chama tulipooana, laini hadi mkilala mnajikuta mmekutana katikati. Asubuhi nikichungulia namwona akiinuka ameshika ukuta, lakini jioni akirudi hana neno nami. Nahisi kuna mwanamke. Nifanyeje?"*

Marahaba, binti yangu. Pole kwa kulala peke yako mume akiwa chumba cha pili. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote aliyenitia huruma ni mumeo.

Tazama ulichoandika kwa mkono wako. Godoro lina miaka 12, na mkilala mnakutana katikati. Huo si ulaini, ni shimo. Sponji imekufa, kiuno kinazama, uti wa mgongo unashinda umepinda usiku kucha. Mtu huyo anatoka saa kumi alfajiri, anakalia usukani hadi usiku, halafu unamrudisha kwenye shimo hilo. Mwenye mpango wa kando hulala huko kwa mpango wake. Halali kwenye saruji ya sebule yake mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi ikimpenya mifupani. Na anayeigiza hashiki ukuta wakati anaodhani hakuna anayemwona.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe hiki unakilalia, na kunguni wake bado hujawajua.

Mama mkwe nitamtetea. Yuko mbali, lakini amejua mwanawe anaumwa na akampa dawa aliyoijua. Hata madaktari wengi zamani waliwaambia wagonjwa wa mgongo walale pagumu. Amekosea kidogo tu. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uhispania uliofanywa kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Wengine walipewa magodoro magumu, wengine ya ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, waliolalia ya wastani ndio waliopata nafuu zaidi. Kwa hiyo saruji haimfai, na shimo lako pia halimfai.

Leo toa shuka, laza mpini wa mopu juu ya godoro kutoka ukingo hadi ukingo, kisha uchungulie chini yake. Ukiona mwanya katikati, hilo limekwisha. Inua godoro ukague chaga pia, maana zikivunjika au zikiachana sana hata godoro jipya litabonyea. Fundi wa mtaani atazirekebisha.

Godoro jipya usilinunue peke yako. Nendeni wote siku yake ya mapumziko, na neno othopediki kwenye lebo lisiwababaishe. Avue viatu, alale pale dukani robo saa nzima, aibu mwiachie muuzaji. Akilala chali, pitisha kiganja chini ya kiuno chake. Kikipita bila kugusa chochote, ni gumu mno; kikikwama kabisa, amezama.

Nyumbani akilala ubavu, mwekee mto katikati ya magoti. Akilala chali, uwe chini ya magoti. Kulala kifudifudi aache. Kuamka, ageukie ubavu kwanza, ateremshe miguu, ajisukume kwa mkono.

Sasa nikuseme. Ndoa za siku hizi mke anajua nywila ya simu ya mumewe, lakini hajui kiuno kinamuuma upande gani. Tunapekua meseji, tunahesabu dakika alizochelewa, na mtu tuliyeapa kumtunza anajikongoja mbele ya macho yetu. Katika barua yako yote hakuna mstari unaosema ulimwuliza, wala ulimkanda hata mara moja. Unasema hana neno nawe. Mtu aliyeshinda na maumivu siku nzima, akarudi akatazamwa kama mwizi, atakuwa na neno gani? Mgonjwa haulizwi uji, binti yangu, na wewe hata sufuria hujainjika.

Akianza kufa ganzi katikati ya mapaja, mguu ukilegea, au haja ndogo ikimshinda, usingoje godoro wala mto. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Bila dalili hizo, bado akaonwe kliniki kwa kuwa maumivu yamedumu, na siku za mapumziko atembeetembee badala ya kushinda amelala.

Usiku wa leo mpishe alale upande wako wa ukutani, ambako sponji bado ina uhai kidogo, umkande kwa kitambaa cha maji moto. Kisha mpigie simu mama mkwe, umwambie mwanawe amerudi kitandani.