Asali ya Singida kwenda Muscat na Ujerumani: mkuu, usimlipe printa kwanza

Mkuu, unasema una asali ya Singida unataka kuipeleka Muscat, mji mkuu wa Oman, na Ujerumani kwa pamoja, lebo moja kote, kopo la plastiki la kilo moja, na kule Muscat uingie na bei ya chini uwapige bao wenyeji. Halafu ukauliza habari za kibali, usafiri, na kama utangaze Instagram au TikTok. Hayo mengine yasubiri. Hiyo lebo usilipie, hayo makopo usinunue, na hiyo bei ifute kabisa kichwani.

Mimi na mwenzangu wa Tabora tulipita njia hiyo hiyo, tukiongozwa na mshauri wa masoko, jina lake halitusaidii hapa, alikuja na slaidi zake akatuambia mteja ni mteja tu, dunia nzima watu wanataka kitu kizuri kwa bei nafuu, brandi kubwa zote zina sura moja kila nchi. Tukamlipa. Tukachapisha lebo ya njano yenye katuni ya nyuki anacheka, tukajaza makopo ya plastiki, tukaweka bei ambayo ukiilinganisha na asali ya Oman ni kama tunagawa bure. Hela iliyopotea pale ilikuwa ya watu wengi, wapo wafugaji waliotupa asali kwa mkopo wakisubiri tuuze ndo walipwe, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sasa sikiliza kwa nini haikuuzika, maana asali yenyewe haikuwa na tatizo lolote.

Oman asali siyo kitu cha kupaka kwenye mkate. Aya ya 69 ya Surat an-Nahl inasema kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki kina ponyo kwa watu, na mtu wa kule amekua akilisikia hilo tangu mdogo. Kwa hiyo akiingia dukani anamfikiria mama aliyejifungua, mzee anayekohoa, wakwe anaokwenda kuwatembelea Idi. Asali ya sidr, ambayo ni mkunazi, na ya sumar, ambayo ni jamii ya migunga yetu hii hii, inauzwa makumi ya rial, pesa ya Oman, kwa kilo na watu wanalipa. Ya nyuki wadogo wa kule wanayoiita abu tuwaiq ndo kabisa, inaheshimiwa kama sisi tunavyoiheshimu asali ya nyuki wadogo, ambayo hata hapa Bongo ukiikuta inauzwa bei ya mafungu ya nyanya unajua umepigwa.

Sasa wewe unamletea mtu huyo dawa kwenye kopo la plastiki, ina katuni, bei ya kutupa. Mzee mmoja pale Mutrah, sokoni Muscat, Mwomani wa Zanzibar, Kiswahili chake cha Unguja safi kabisa, alionja akatikisa kichwa kwa kuipenda, akauliza bei, akaweka kijiko chini. Akaniambia, "Mwanangu, asali yako nzuri, lakini kitu cha bei hii nitampelekea nani?" Nikamwambia mzee tunaweza kupunguza zaidi. Ndo akaondoka.

Na haikuishia hapo. Dukani kiyoyozi usiku na mchana, asali ikaanza kuganda, na asali halisi kuganda ni kawaida, glukosi inajitenga inakuwa chenga chenga hasa kwenye baridi, lakini mteja aliyeshaitilia shaka kwa sababu ya bei akiona chenga anasema hii sukari. Mwenye duka akatupigia simu tuje tuondoe mzigo wetu, wateja wanamgombeza. Mshauri tulivyompigia akatuambia tuongeze matangazo! Huyu mtu alikula hela yetu na hakuwahi hata kuuliza asali Oman inanunuliwa kwa ajili ya nani, na kwangu mimi hilo ndo swali la kwanza, la pili hamna. Anamnunulia nani? Ukilijua hilo, chupa, bei na tangazo vinajipanga vyenyewe.

Angalia Vimto. Kinywaji kilianzia Manchester mwaka 1908, lakini nchi za Kiarabu za Ghuba kimekuwa kinywaji cha futari, Ramadhani ikikaribia maduka yanapanga chupa mlima mzima, kwa sababu anayenunua ananunulia meza ya familia nzima. KFC Japani tangu 1974 wanauza kuku wa Krismasi, watu wanaweka oda mapema wale na familia, na Japani Wakristo ni wachache sana. Upande wa pili Walmart, moja ya kampuni kubwa kabisa za maduka duniani, waliingia Ujerumani 1997 na bei zao na wafanyakazi wa kuwachekea wateja mlangoni, mtindo wa kwao Marekani, Wajerumani wakaona hawa vipi, na bei za chini tayari walikuwa nazo kwenye maduka yao. 2006 wakauza wakaondoka. Kama wale na hela zote zile hawakuweza kulazimisha tabia, sisi wa Singida tutaweza?

Ujerumani sijauza kwa kiasi kikubwa kwa hiyo nitakwambia kifupi. Kule mtu anajinunulia mwenyewe, kifungua kinywa, anapaka mkate, na asali iliyoganda wala haimtishi, kuna wanaoikoroga makusudi iwe laini kama siagi wanaiuza hivyo. Wafugaji wao wana chupa yao ya kioo ya nusu kilo tangu miaka ya 1920. Atataka kujua imetoka wapi na vipimo vya maabara. Hapo hata bei ya kati inakubalika.

Muscat nenda na kioo, chupa ndogo nzito, toa katuni, weka picha ya mzinga wa gogo. Mshauri alituambia tuufiche mzinga wa gogo eti unaonekana ushamba, kumbe Waomani nao wanafuga kwenye magogo ya mtende, wakiuona wanajua unachofanya. Na mzigo ufike kabla ya Ramadhani, ukifika baada ya Idi umechelewa.

Kibali na usafiri wapo wadau humu watakujibu. Wewe leo mpigie ndugu yeyote uliye naye Muscat, asimame dukani jioni aulize watu wanaonunua asali wanampelekea nani, halafu ulete majibu hapa pamoja na picha ya hiyo lebo kabla printa hajawasha mashine.