Maswali ya Wasomaji: Kulinda Reli Ilikuwa Kazi Rahisi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Napenda sana kufuatilia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na juzi nimesoma rekodi ya kikosi cha 13 cha askari weusi wa miguu, jeshi la Kaskazini. Karibu rekodi yote ni kulinda reli, kulinda reli, halafu chini wanasema waliokufa ni 355. Sasa hao walikufaje wakati kazi yao ni kukaa kando ya reli? Na kwa nini jeshi liache watu wote hao nyuma walinde vyuma wakati mbele kuna vita?

JIBU: Salama msomaji wetu. Nianze na hilo la pili maana ndo lenye utamu. Jeshi la Sherman, jenerali wa Kaskazini, lililokwenda kuiteka Atlanta, mji wa Kusini, mwaka 1864 lilikuwa na watu kama 100,000 na wanyama 35,000, na wote hao walikula kupitia njia moja tu ya reli kutoka Louisville, inapita Nashville, inapita Chattanooga, maili 473, yaani kilomita kama 760, na sehemu kubwa inapita kwa watu wanaokuchukia. Ukikata daraja moja la mbao huko nyuma mbele watu wanalala njaa. Wapanda farasi wa Kusini, yaani upande wa majimbo yaliyojitenga, walilijua hilo vizuri sana. Agosti 1862 John Hunt Morgan, mmoja wa makamanda wao, alifika kwenye handaki la reli karibu na Gallatin, Tennessee, watu wake wakasukuma mabehewa yanayowaka moto ndani, nguzo za mbao zikaungua, mwamba ukashuka, na njia ikafungwa kama miezi mitatu. Watu wachache, kiberiti na mabehewa, basi!

Ndo maana wakawekwa walinzi kila daraja. Ila mlinzi mwenyewe yuko wapi? Kakundi kadogo ndani ya boma la magogo, porini, hawana msaada wa karibu. Bunduki mnaweza kuzizuia lakini adui akija na mizinga mna dakika chache za kuamua. Desemba 1862 Morgan huyohuyo alirudi Kentucky akakuta kikosi cha Kaskazini, cha 91 cha Illinois, kimejifungia kwenye nyumba za mji wa Elizabethtown, akawapiga mizinga wakasalimu amri, kesho yake akawachukua na wa 71 wa Indiana waliokuwa wanalinda madaraja marefu ya Muldraugh's Hill, madaraja akayachoma. Watu wanawacheka wale jamaa kwa kusalimu amri, mi siwacheki.

Sasa tuje kwa hao wa 13. Waliundwa Nashville Novemba 1863, wengi wao walikuwa watumwa muda mfupi tu kabla ya hapo. Wakapelekwa kwenye reli mpya ya kutoka Nashville kwenda mto Tennessee, maili 78, na hapo hawakuwa walinzi tu, wao na wenzao wa kikosi cha 12 waliijenga: kukata miti, kulaza mataruma, kuinua madaraja, bunduki ikiwa karibu. Ilihitajika kwa sababu mto Cumberland ukipungua maji kiangazi meli hazipiti kwenye maji mafupi ya Harpeth Shoals, kwa hiyo mizigo ikawa inashushwa mto Tennessee, mahali palipopewa jina la Johnsonville, halafu inapanda treni. Novemba 1864 Forrest, jenerali wa wapanda farasi wa Kusini, alitega mizinga yake ng'ambo ya mto na ile bandari yote, meli, maghala, ikaishia kwenye moto, na moto mwingine waliuwasha watu wa Kaskazini wenyewe ili meli zisitekwe.

Kuhusu vifo, angalia hiyo 355 imegawanyikaje. 265 ni maradhi. Kambi haihami, watu wanakunywa maji walipo, choo kiko palepale, kuhara kunaingia, surua inaingia, na hospitali za askari weusi zilikuwa na madaktari wachache. Hao walikufa bila hata kumwona adui.

Waliobaki 90 wengi wao ni siku moja tu. Tarehe 16 Desemba 1864, vita vya Nashville, watu waliozoea kulinda reli wakaambiwa wapande Overton Hill, kilima kilichoshikwa na adui. Kikosi cha 13 kilikuwa mstari wa pili, wale wa mbele wakakwama kwenye miti iliyoangushwa makusudi na adui, wao wakawapita, wakaenda karibu peke yao mpaka kwenye ukuta wa udongo wa adui. Waliobeba bendera walipigwa mmoja baada ya mwingine, watano, na waliouawa na kujeruhiwa walifika kama 220. Jenerali Holtzclaw wa upande wa pili aliandika kwenye ripoti yake mwenyewe kuusifia ujasiri wao, na watu wake waliokota bendera yenye maandishi kwamba imetolewa na akina mama weusi wa Murfreesboro. Kilima hakikuchukuliwa kwa shambulio lile, adui alikimbia baadaye siku hiyohiyo mstari wake ulipovunjika upande mwingine. Kwenye rekodi unayosoma hiyo yote ni maneno mawili, Overton Hill, usiyaruke.

SWALI: Na mshahara, walilipwa sawa na wazungu?

JIBU: Mwanzoni hapana. Mzungu wa kawaida alipata dola 13 kwa mwezi, mweusi 10 na hapo anakatwa 3 za nguo, anabaki na 7. Kuna vikosi vilikataa kabisa kupokea hiyo 7. Juni 1864 Bunge likasawazisha, na ikahesabiwa kuanzia Januari 1 mwaka uleule, kwa hiyo hawa wa 13 walipunjwa miezi ile ya mwanzo tu, ila hela yenyewe kufika mkononi ndo ilichelewa. Waliachiwa rasmi Januari 1866, vita vimeisha miezi kibao na wao bado wako Nashville na Johnsonville.