Prado yangu nimeipandisha, sasa ninunue triangili gani?

Jambo papa fundi. Mimi msomaji wenu wa hapa Ndosho, Goma. Niko na Prado 120 ya mazuti, njo inanilisha, ninapakia watu na mizigo kwenda Sake na kupanda kule Masisi. Mwaka jana niliweka maresori ya nguvu, gari ikapanda kama santimeta 5, mwanzo nilifurahi sana lakini tangu pale volani haitulii, kwenye lami gari inatembea yenyewe huku na kule, nikitoka kwenye kona volani hairudi, na mapine ya mbele inaliwa upande moja. Mekanisiye wangu anasema dawa ni kubadilisha matriangili ya juu. Nimezunguka maduka ya Birere hapa Goma nimepata aina mbili. Moja ni nyeusi, inafanana kabisa na ya orijini, bei ya chini. Ingine imetoka Dubai, ya bomba nene, nyekundu, badala ya rotili ya kawaida, kile kiungo kilichofunikwa cha kushika gurudumu, iko na gololi kubwa ya chuma inayozunguka wazi, bei yake mara tatu. Muuzaji anasema hiyo ni ya rali, haiishi. Nichukue gani? Sitaki kutupa pesa mara mbili, hii gari njo inasomesha watoto.

Ndugu wa Ndosho, jambo sana. Kwanza pesa ibaki mfukoni, usinunue hata moja bado, na ntakuambia juu ya nini.

Triangili, kwa wasomaji wetu wa Dar na Mombasa wanaosema wishiboni, ni ile mikono ya chuma inayoshika gurudumu kwenye chasi, Prado 120 mbele iko nayo ya juu na ya chini kila upande. Sasa ukitazama gurudumu kwa pembeni, rotili ya juu inakaa nyuma kidogo kuliko rotili ya chini, mlalo sawa na ule wa uma ya mbele ya pikipiki. Mlalo huo unaitwa kasteri na ndio unaofanya volani ijirudie yenyewe ukitoka kwenye kona na gari ishike njia bila kuibembeleza. Ukiweka resori ndefu, mikono inashuka, pembe zote zinabadilika, na kasteri inapungua. Ndiyo hiyo gari yako inatangatanga. Mekanisiye wako hakukudanganya, ameruka hatua tu.

Hatua yenyewe ni paralelismi ya kweli, yaani kupima na kurekebisha pembe za magurudumu. Triangili ya chini ya Prado 120 inashikwa na mabulo (boliti) mawili yenye vichwa vya kuzungusha, ukizungusha mkono mzima unasogea na unapata tena kasteri na kamberi, ule mlalo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele. Garaji nyingi hapa hazigusi hayo mabulo kabisa, wanazungusha byeleti za volani tu, vile vyuma vinavyosukuma magurudumu kukata kona, mapine yanatazama mbele, wanakuambia imeisha, unalipa. Uliza namba za mashine, kasteri ya kushoto na ya kulia, kabla na baada, kama hawana hizo namba hawajapima kitu. Na kama mabulo yameshikana na kutu, ambayo kwa gari inayooshwa ziwani kila siku ni kawaida, yaloweshe mafuta ya kutu usiku mzima, yakikataa nunua mapya. Kwa kupanda santimeta 5 mara nyingi kasteri inarudi karibu na pale inatakiwa bila kununua triangili hata moja.

Na kabla hata ya paralelismi piga kriki (jeki), shika gurudumu juu na chini ulitikise, halafu kushoto na kulia. Rotili iliyochoka ikicheza, ukipima ni bure, namba za leo kesho si zile.

Lini sasa triangili ya juu inahitajika kweli? Mashine ikishindwa kurudisha kasteri. Ao ukiona alama za kung'aa kwenye resori, maana gurudumu likining'inia kwenye shimo mkono wa juu unashuka unagonga resori. Ao ukitaka kupanda zaidi ya hapo ulipo, ambacho sikushauri, juu kardani, vile vyuma vinavyozungusha magurudumu ya mbele, nazo zina pembe zao, na ukizikunja sana sufle (kofia zao za mpira) zinapasuka, vumbi inaingia, kardani inakufa.

Tuseme umefika hapo. Sikiliza vizuri basi: chuma cha triangili karibu hakiishi, kinachoisha ni rotili na silambloki, hiyo mipira ya kwenye maungio. Kwa hiyo unachonunua ni rotili, chuma kinakuja nayo tu. Watu wanatazama bomba nene na rangi nzuri, hakuna anayetazama kile kitakachokufa kwanza.

Ile nyekundu yenye gololi wazi si pyesi mbaya. Inakunja pembe kubwa sana, na watu wa rali wanaipenda kwa sababu wana mafundi wanaofungua na kusafisha baada ya kila shindano. Wewe unatoka Sake saa kumi na moja jioni na kesho asubuhi unapakia tena. Gololi hiyo haina kofia ya mpira, na vumbi yetu ya Goma unaijua, nyeusi, kali, ni jiwe la volkano limesagwa. Kuna mitaa tunatembea juu ya lava yenyewe ya 2002, na ile ya Mei 2021 ilikuja kuongeza. Hiyo vumbi ikichanganyika na tope inasugua chuma kama msasa, gololi inaanza kugonga kila shimo, na ya kuibadilisha huipati Birere, unaagiza na kungoja huku gari imelala. Kwa kazi yako ninaikataa.

Ile nyeusi nayo, na hapa wengi wanaanguka, ni kopi ya orijini. Maana yake pembe zake ni zilezile. Utapata rotili mpya, sawa, lakini kasteri iliyopotea haitarudi hata kidogo! Ni pyesi ya mtu ambaye gari yake haijapandishwa na rotili imemwishia. Bei ya chini haisaidii kama haigusi ugonjwa.

Unayotafuta ni ya tatu, ambayo hukuonyeshwa: triangili iliyotengenezwa kwa gari iliyopandishwa, rotili imesogezwa nyuma kidogo ili kasteri irudi, lakini rotili yenyewe ni ya kufunga, ina kofia ya mpira na kichuchu cha kuingizia grisi, na inatoka peke yake. Muulize muuzaji, rotili ya spea ya hii triangili iko wapi, iweke hapa mezani niione. Akisema hiyo haiharibiki, toka nenda duka lingine. Mwambie pia fremu yako ni 120, usiseme Prado tu, kwa sababu 90, 120 na 150 zote ni Prado na za 90 hazikai kwako. Mbele ya 120 ni ukoo mmoja na FJ Cruiser na Lexus GX 470, kwa hiyo uliza na wanaouza pyesi za hizo. Nenda na triangili ya zamani mkononi kama inawezekana, uzilinganishe. Tazama mshono wa kuchomelea uzunguke wote bila matundu, binya kofia ya mpira uone kama imepasuka kwa kukaa dukani.

Silambloki, chukua za mpira wa kawaida. Zile ngumu za plastiki za rangi zinadumu na unaziweka kwa mkono bila presi, lakini zinaomba grisi kila mara, ukisahau zinalia njia nzima na abiria wanafikiri gari inavunjika. Za mpira zinanyamaza na zinameza mtikisiko. Zina sharti moja lakini, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu miaka yangu ya kwanza nililikosea kwenye gari ya mtu: mabulo ya silambloki yanakazwa kabisa gari ikiwa chini, imesimama kwa mapine yake. Mimi nilikaza ikiwa bado juu ya kriki, mipira ikajifunga katika mkao wa kuning'inia, gari iliposhuka ikabaki imejikunja muda wote, na kabla ya mvua kuisha ilikuwa imechanika yote. Nililipa zingine kwa pesa yangu. Simama pale garajini uone kwa macho wanavyokaza.

Bulo ndefu ya triangili ya juu wakati wa kutoka inagonga bati la ndani. Wasikukatie bulo wala bati, bati linakunjwa kidogo linarudishwa. Gupiye, ile pini ya kuzuia nati isifunguke, iwekwe mpya kwenye rotili, waya ya ABS na fleksibo (bomba la mpira) ya freni zisivutike gurudumu likining'inia, halafu paralelismi tena, na baada ya kilometa 500 rudi wapitishe kle (spana) kwenye mabulo yote.

Msomaji wa Bukavu anauliza: Land Cruiser 79 yangu ya kwenda Kamanyola nimeipandisha, volani inadansa, matriangili yake ninayapata wapi?

Yaya, gari yako haina triangili. Tangu 1999 hiyo 79 mbele ina ekseli nzima, resori za mviringo na mikono miwili mirefu inayoenda nyuma kwenye chasi, nyuma ni malami, zile resori za mabapa. Kasteri yake unairudisha kwa silambloki maalum zenye tundu la pembeni kwenye hiyo mikono ya mbele, hugusi kitu kingine. Ila ikitetemeka volani nzima ukipita shimo, tazama kwanza ile barre, chuma kirefu kinachokata upande kwa upande kutoka chasi hadi ekseli, na maungio yake, na rulema (beringi) za ekseli. Kule milimani Ngomo, njia yako ya Kamanyola, na lile bonde chini yako, usingoje wiki ijayo.

Wa Lubumbashi: Prado 90, triangili ya chini imepasuka karibu na rotili, fundi anataka kuichomelea.

Hapana, mama. Kwa 90 uzito wa mbele unaivuta rotili ya chini, ikiachia gurudumu linalala chini ya gari papo hapo, hata ukiwa mwendo mdogo. Chuma kilichopasuka pale kimeshachoka, na moto wa kuchomelea unakidhoofisha pembeni mwa mshono na unaichoma rotili yenyewe. Nunua triangili nzima, hata ya okazyo kutoka gari nyingine, mradi haijapinda, na rotili mpya pande zote mbili siku hiyohiyo. Mpaka ipatikane, gari isiende hata sokoni.