Kishikwambi chekechea: mtoto wangu wa darasani aliyekuwa anasubiri jibu lianze kumetameta

Mdau kauliza tafiti za siku hizi zinasemaje: kishikwambi kinamsaidia mtoto wa chekechea au kinamharibu? Nafundisha elimu ya awali mwaka wa 11 huu, nikipata muda nasoma hizo tafiti. Swali la namna hiyo watafiti wengi wameshalipa kisogo.

Nianze na kilichonikuta. Nilikuwa na binti wa miaka 4, bingwa wa mchezo wa kuhesabu kwenye kishikwambi, nyota kila hatua. Siku moja nikammwagia vizibo 7 mezani: hebu nihesabie. Akavigusa ovyo, akafika 12, akanikodolea macho. Nikaketi pembeni yake akicheza ndipo nikashtuka. Ukikaa kimya kidogo, jibu sahihi linaanza kumetameta. Mwenzangu hahesabu, anasubiri! (Ujanja nao ni akili, lakini si hesabu.)

Kwamba cha kwenye kioo hakihamii kirahisi kwenye vitu halisi, hilo limechunguzwa sana. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake, Marekani, waliwapa watoto wa miezi 9 vipindi 12 vya Kimandarini. Waliochezeshwa na mtu ana kwa ana walizishika sauti za lugha ile; waliowekewa video hawakuambulia kitu. Halafu 2014 ukatoka utafiti ulionifurahisha zaidi: watoto wa miaka 2 hivi walijifunza vitenzi vipya kwa kuongea na mtu kwa video ya moja kwa moja, ila kwa video iliyorekodiwa wakashindwa. Kioo ni kilekile. Tofauti ni kwamba wa upande wa pili alikuwa anawajibu.

Ndiyo maana sasa watafiti wanauliza zaidi mtoto anatumia na nani, na anafanya nini. Saa bado zinahesabiwa: Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2019 walisema chini ya miaka 2 skrini haishauriwi, miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku. Mkondo mwingine ni wa kuwafundisha watoto kupanga maelekezo ya kompyuta (coding), kama programu ya ScratchJr ya 2014 kwa miaka 5 hadi 7, au roboti ya KIBO inayoongozwa kwa vipande vya mbao, skrini hakuna. Huo naupenda.

Darasani kwangu kishikwambi kimoja hukaliwa na watoto wawili, nami nipo karibu. Yule binti anapanga vizibo kwanza, anahesabu kwa sauti, ndipo anabonyeza. Mlio wa makofi wa ule mchezo nimeuzima, ulikuwa unanichosha hata mimi.