Kabla hujafungua programu, ielewe kwanza sifuri: ushauri kwa wanaoanza data za kukamata na kukamata tena

Kila likizo ya chuo ikikaribia napata meseji kutoka kwa vijana wa Makerere na wale wa Kasese wanaosomea wanyamapori, na swali ni lilelile, dada naenda mafunzo ya kuchambua data za kukamata na kukamata tena, nijiandae vipi, na je hesabu zangu dhaifu zitaniangusha? Basi leo naandika hapa ili niwe natuma linki tu. Kazi hii ya panya pori na kamera za mtego nimeifanya huku magharibi mwa Uganda kwa miaka sasa, nimekaa kwenye hayo mafunzo kama mwanafunzi na baadaye nikakaa upande wa kufundisha, na nakuhakikishia hesabu za fomu foo zinatosha kabisa kuanzia. Wengi wanakwama kwenye sifuri.

Iko hivi. Ukishamkamata mnyama ukamwekea alama, kila awamu utakayorudi unaandika 1 kama umemwona na 0 kama hukumwona, mwisho kila mnyama anakuwa na mstari wake, tuseme 1011. Ile 0 ya katikati haina ubishi, alikuwa hai, sisi ndo hatukumwona. Sasa 1100 je? Sifuri mbili za mwisho zinaweza kuwa kifo, zinaweza kuwa amehama, na zinaweza kuwa yuko palepale shimoni na siku hiyo hakuvutiwa na siagi yako ya karanga. Kwa hiyo modeli inabeba vitu viwili, uwezekano wa mnyama kuishi mpaka awamu inayofuata, ambao tunauandika kwa herufi ya Kigiriki fai, na uwezekano wa sisi kumwona akiwa hai, ambao ni p. Ukivichanganya hivi viwili basi kila utakachoandika baadaye kitakuwa kibovu, hata grafu zikipendeza namna gani.

Hebu chukua karatasi, usisome tu. Umeweka alama panya 100 awamu ya kwanza, halafu kuna awamu mbili nyingine. Tuseme fai ni 0.8 na p ni 0.5. Panya wa mstari 111 wameishi, wakaonekana, wakaishi, wakaonekana, yaani 0.8 × 0.5 × 0.8 × 0.5, unapata 0.16, panya 16. Wa 101 nao ni 16, maana kutoonekana katikati ni 1 toa 0.5, inarudi kuwa 0.5 ileile. Wa 110 ni 24, maana nafasi ya kufa au kutoonekana mwishoni ni 1 toa 0.8 × 0.5, yaani 0.6, na 0.8 × 0.5 × 0.6 ni 0.24. Wanaobaki, wale wa 100 ambao hukuwaona tena kabisa, ni 44. Mwanafunzi anayeanza akiona 44 anasema wamekufa. Sasa wahesabu vizuri, 20 walikufa kabla ya awamu ya pili, 8 walivuka wakafa kabla ya ya tatu, na 16 waliobaki wako hai mpaka siku ya mwisho, hujawaona tu. Ukijumlisha na wengine utakuta siku ya mwisho kuna panya 64 hai na wewe umeshika 32. Hapo tayari umeshaifanya modeli ya Cormack, Jolly na Seber kwa mkono, ile ya 1964 na 1965, na programu haifanyi kitu tofauti sana, yenyewe inarudi kinyumenyume tu, inaangalia mistari uliyoleta na kutafuta fai na p zipi zingefanya mistari hiyo iwe rahisi zaidi kutokea.

Askari wa hifadhi wanalijua hili bila kulisomea. Kule Mweya, hifadhi ya Queen Elizabeth, kando ya mfereji wa Kazinga, kuna mzee mmoja alikuwa ananiangalia napitia picha za kamera, nikamwambia simba jike fulani nadhani hatunaye tena, akaniambia, "Madamu, yule tumemwona juzi ng'ambo ya Kazinga, kamera zako ziko huku." Hiyo ndo p yenyewe.

Kwa idadi, yaani wako wangapi, anza na hesabu ya zamani kabisa. Petersen wa Denmark alikuwa anaweka alama samaki tangu miaka ya 1890, Lincoln akaitumia kwa bata wa Marekani mwaka 1930, na mpaka leo mimi nafundisha nayo. Chota bakuli la maharagwe bila kuyahesabu, toa 40 uyatie alama ya maka, rudisha, koroga kweli kweli, kisha chota 50. Ukikuta 8 yana alama basi 40 × 50 ÷ 8 ni 250. Kwa sampuli ndogo tumia marekebisho ya Chapman ya 1951, unaongeza 1 kwa kila namba na kutoa 1 mwishoni, 41 × 51 ÷ 9 toa 1, inakuja kama 231. Halafu fanya tena na usikoroge sawasawa, au toa alama maharagwe kadhaa kimyakimya, uone jibu linavyokwenda kombo. Asubuhi moja ya hivyo inafundisha masharti ya modeli kuliko slaidi nyingi sana.

Na masharti ndo penye nyama, hapa usiharakishe. Panya akishajua mtego una chakula na hauumizi atarudi kila usiku, wenye alama wanakuwa wengi kwenye mkono wako na idadi inatoka ndogo kuliko ukweli. Akiogopa mtego inakuwa kinyume, idadi inavimba. Hereni ya sikio ikidondoka mnyama anaingia upya kama mgeni, idadi inapanda na kuishi kunashuka, ndo maana wengine wanaweka hereni mbili ili wajue zinadondoka kwa kiasi gani. Twiga wa Murchison hawahitaji hereni, madoa yao yanatosha, ila madoa ya ubavu wa kulia si ya kushoto, kwa hiyo kabla hujatoka chagua ubavu mmoja, la sivyo twiga mmoja atakuwa wawili kwenye faili lako. Gorila wa Bwindi nao alama yao ni DNA. Sensa ya 2018 ya Bwindi pamoja na Sarambwe upande wa Kongo timu zilipita msitu mzima mara mbili zikiokota kinyesi kwenye viota vya usiku, maabara ikatambua nani ni nani, na ikatoka 459, ukijumlisha na 604 wa milima ya Virunga unapata 1,063. Hakuna gorila aliyeshikwa hata mmoja! Lakini sharti ni lilelile, kinyesi cha zamani kikisomwa vibaya maabara kinazaa gorila ambaye hayupo, kwa hiyo wa DNA msidhani nyie mmeokoka.

Sasa kompyuta. Programu ya MARK ya Gary White ni ya bure na ndo wengi wanafundishia, inataka Windows, na ukitumia R, ile lugha ya kompyuta ya takwimu, kuna RMark inayoiita MARK kwa nyuma. Pakua vyote nyumbani kabla ya safari, usitegemee wi-fi ya kituo cha utafiti wala umeme wake, na chaji laptopu usiku. Faili la MARK ni mstari wa historia, nafasi, idadi, halafu nukta-mkato, mfano 1011 1; na ukisahau hiyo nukta-mkato haliendi. Na tafadhali, Excel. Ukiandika 0011 kwenye seli ya kawaida Excel inakula sifuri za mbele inabaki 11, kwa hiyo mnyama aliyeonekana mara ya kwanza awamu ya tatu historia yake inafupishwa bila wewe kuambiwa, nimeona vijana wanakesha na hili. Ifanye safu kuwa teksti kabla hujaanza kuingiza chochote, halafu hesabu urefu wa kila mstari, ukiwa na awamu 4 basi kila mstari uwe na tarakimu 4, basi.

Usianze na data zako. Najua unazipenda na umezitolea jasho, ila zina matatizo ambayo bado hujui kuyaona. Anza na wale ndege wadogo wa mitoni wa mashariki mwa Ufaransa, Cinclus cinclus, wanakuja pamoja na programu, ndege 294 kwa miaka 1981 mpaka 1987, na kila mwalimu wa fani hii anawajua. Kule kulikuwa na mafuriko mwaka 1983, kwa hiyo unajenga modeli ambayo kuishi kunabadilika kila mwaka, nyingine haibadiliki kabisa, nyingine inabadilika kwa vipindi vya mafuriko tu, unalinganisha. Ukifika hapo AIC, ile alama ya kulinganisha modeli, utaielewa yenyewe. AIC inapanga modeli ulizoleta wewe kwa data hizohizo, kama zote ni mbovu itakuchagulia mbovu iliyo afadhali, ndo maana kwanza unapima kama modeli kubwa inaendana na data, kwa namba inayoitwa c-hati, ikiwa karibu na 1 endelea, ikipita 3 acha modeli uende ukafikirie upya biolojia ya mnyama wako. Pia ukiona modeli ambayo kila kitu kinabadilika kwa muda inakupa fai ya mwisho yenye makosa makubwa ya ajabu, usiogope, fai ya mwisho na p ya mwisho hazitenganishiki, zinajulikana zikizidishwa tu.

Kuna hili la kifo na kuhama pia. Modeli ya kawaida ikisema hayupo haijui amekufa au ameondoka, na sisi tuna hifadhi zilizogusana na Kongo, Ishasha pale mto tu ndo mpaka. Tembo akivuka kwenda Virunga kwenye data zako ni sawa na amekufa. Andika kuishi unakoona ni kuishi humuhumu ndani ya eneo, usimtangazie mtu vifo.

Mpango wa fildi ungekuja mwanzo kabisa ila najua wengi mnanisoma data zikiwa tayari mkononi. Kama bado hujatoka, angalia wenzetu wa Morogoro pale Sokoine, wamefuatilia panya shamba Mastomys natalensis tangu miaka ya 1980, kila mwezi usiku tatu mfululizo mitego 300 kwenye gridi. Usiku tatu ziko karibu kiasi kwamba hakuna anayezaliwa wala kufa sana, hapo unapata p na idadi, na kati ya mwezi na mwezi unapata kuishi. Huo ndo mpango Pollock aliuandika mwaka 1982, na kwa panya na popo sijaona mzuri kuliko huo. Usiku moja moja kwa mwezi inachosha watu bure.

Na ukimaliza, ripoti inayokwenda kwa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, au kwa msimamizi wako wa tasnifu usiandike namba peke yake. Wale maharagwe 231 ukiwapigia hesabu ya kosa wanatoka kati ya 116 na 347 kwa asilimia 95. Mkuu wa hifadhi atakuuliza sasa niseme wangapi, mwonyeshe zote tatu, halafu mwonyeshe kwamba kilichofanya pengo liwe pana ni wale 8 tu waliorudi na alama, na kwamba pesa ikiongezwa iende kwenye usiku zaidi za mitego. Hilo anaweza kuliwekea bajeti.