Subira ya nyumbani kwetu na subira ya Birmingham

Ndugu uliyeuliza kama malezi ya dini humpa mtu moyo wa kudai haki au humfundisha kunyamaza, nakujibu kama mtu aliyefundisha historia sekondari tangu 1979 hadi alipostaafu 2014, na aliyelelewa katika nyumba ya mzee wa kanisa la Moravian huko Rungwe. Nimeyaona yakifanya yote mawili, tena ndani ya mtu mmoja, na mtu huyo ni mimi.

Kwetu hakuna aliyeshika jembe kabla ya kusikia neno la siku, lililosomwa kutoka katika kitabu kidogo ambacho Wamoravian wamekuwa wakikichapa kila mwaka tangu 1731. Fundisho ambalo baba alilirudia kuliko yote lilikuwa subira: usijibizane na mkubwa, usinung'unike, Mungu anaona. Hata hivyo, baba huyohuyo alikuwa akipandwa na hasira kila aliposimulia uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959, ambapo mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, ilhali Waafrika walikuwa ndio karibu nchi nzima. Kwake, hesabu hiyo haikupatana na sura ya kwanza ya Mwanzo, inayosema mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu.

Nilipohamishiwa Iringa, mfano wa ubaguzi ulikuwa mlangoni. Majengo ya Mkwawa, ambayo leo ni chuo kikuu kishiriki cha elimu, yalijengwa mwishoni mwa ukoloni kuwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Wanafunzi wakishalijua hilo, hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1954 dhidi ya shule za kibaguzi haikuwa tena habari ya ng'ambo. Kisha tuliingia Montgomery, mji wa Alabama, Marekani, alikokamatwa Rosa Parks, mwanamke mweusi aliyekataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi, tarehe 1 Desemba 1955, na watu weusi wakasusia mabasi kwa siku 381 huku wakikutana makanisani kuimba, kuomba na kupanga nani atambeba nani kwa gari kwenda kazini. Nakiri kwamba sehemu hii niliihubiri zaidi ya kuifundisha.

Siku moja kijana wa kidato cha nne akanyoosha mkono: "Mwalimu, na wale waliowabagua, hawakuwa Wakristo?" Sikuwa na jibu la kumpa, nikarudi vitabuni. Martin Luther King, mchungaji mweusi aliyeongoza harakati hizo za haki, alipokuwa mahabusu Birmingham, Alabama, Aprili 1963, barua yake maarufu hakuielekeza kwa polisi wala kwa gavana. Aliwaandikia viongozi wanane wa dini, Wazungu, waliokuwa wameyalaumu maandamano na kuwasihi watu weusi wayapeleke madai yao mahakamani badala ya barabarani, yaani wasubiri. Lilikuwa neno la baba, isipokuwa hapa lilitamkwa na watu ambao kusubiri hakukuwagharimu chochote.

Neno hilo nilikuwa nimeshalitumia vivyo hivyo. Miaka michache kabla ya swali lile, binti wa kidato cha tatu katika darasa langu alikutwa na ujauzito, akafukuzwa shule kama ilivyokuwa desturi. Nilikuwa nikifundisha uraia pia, na juma lilelile tulikuwa tumesoma haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984. Mama yake alikuja kuniomba nimsemee mbele ya bodi. Nilimsindikiza hadi getini nikamwambia, "Mama, subira huvuta heri." Bodi ilikutana, nami sikufungua kinywa. Jumapili iliyofuata nilikaa kwenye benchi langu la kawaida kanisani, wala hakuna aliyeniuliza neno, maana wengi wetu tuliona utaratibu umefuatwa.

Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida, binti yule alikuwa amekwisha kuwa mama mtu mzima. Anauza mchele wa Kyela sokoni Mwanjelwa. Tulipokutana aliniamkia shikamoo mwalimu, akanipimia kilo tano na kuongeza kidogo juu yake. Nilikuwa nimeyaandaa maneno ya kumwomba radhi tangu nilipomwona kwa mbali. Nikasema marahaba, nikauliza bei.