Safari ndefu kwa pikipiki: mwizi asijue unakwenda wapi

Njia yangu ni ya Kampala kwenda Arua, karibu kilomita 480, na mara nyingi naipita kwa pikipiki nikiwa na vipuri vya kuuza. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza wabebe silaha gani. Nawaambia panga waliache nyumbani. Anayekuvizia amekutangulia, ana wenzake, na mahali amechagua yeye. Wewe mikono yote miwili iko kwenye usukani. Kitakachokuokoa ni yeye kutojua unapita saa ngapi na umebeba nini.

Na habari hizo hazipati porini. Anazipata pale uliposimama.

Chukua Migyera, wanaposimama malori na mabasi. Mpanda ameshuka, vumbi limemjaa usoni, kijana wa pampu anamuuliza kwa upole, "Mzee, safari ya wapi leo?" Naye anajibu yote: Arua, nataka nivuke Pakwach kabla ya giza. Kisha anatoa bunda la noti, anachomoa elfu ishirini, analirudisha mfukoni. Kijana wa pampu huenda hana ubaya wowote. Lakini nyuma yake kuna watu wamekaa juu ya boda zao, na wote wamesikia, wote wameona. Mimi humjibu, "Niko hapa hapa mbele, kijana wangu," tunahamia kwenye bei ya petroli. Pesa ya mafuta na chai iko mfuko wa shati, nimeihesabu tangu nyumbani. Pesa ya mzigo iko kwenye laini nyingine ambayo siigusi njiani. Simu ninayoitoa mbele za watu ni kitochi.

Saa ya kuondoka nayo ipigie hesabu. Huku kwetu ikweta jua linazama karibu saa moja jioni mwaka mzima, na giza likianza halikusubiri. Pikipiki yenye mzigo ikienda wastani wa kilomita 50 kwa saa, Arua ni zaidi ya saa tisa na nusu hata kabla hujala wala kupumzika. Pancha moja tu, giza linakukuta njiani. Kwa hiyo nalala Bweyale. Naondoka Kampala kukipambazuka, si saa kumi alfajiri kama wengi wanavyopenda, maana wanyang'anyi nao wanaipenda saa hiyo. Gesti ninayoichagua ni ile yenye geti na askari, na pikipiki inalala ndani ya ua, imefungwa mnyororo.

Asubuhi ndipo navuka daraja la Karuma na kukata kushoto kwenda Pakwach. Wazee wa West Nile, eneo la Arua na Pakwach, wanakumbuka miaka ya 1990, magari yaliposubiriana ili yasindikizwe na jeshi kwenye kipande hicho kwa hofu ya waasi wa LRA. Waasi hawapo tena, lakini pori lipo na vijiji ni vichache. Pale sisimami hata kwa haja ndogo. Ndiyo maana matengenezo nayahesabu kuwa sehemu ya ulinzi: mnyororo uliolegea au tairi lililoisha litakusimamisha mahali ambapo hukupachagua. Beba tyubu, pampu na spana zako.

Ukiona matawi barabarani, yatazame kwa makini ukiwa bado mbali. Dereva wa lori lililoharibika hukata matawi mabichi na kuyapanga kwa mstari upande wa lori lake, na lori lenyewe unaliona mbele. Gogo lililolazwa kukata njia nzima, bila gari lolote karibu, ni jambo jingine kabisa. Geuza ungali mbali, rudi hadi penye watu, ngoja basi au lori upite nalo. Mtu akikupita akikuonyesha kwamba gurudumu lako linayumba, mshukuru kwa mkono na uendelee polepole hadi senta inayofuata, ukague hapo.

Lililo gumu kwangu ni mtu anayelala kando ya barabara au anayeomba lifti porini. Tumelelewa kusaidia, na huenda kweli ameumia. Hata hivyo sisimami peke yangu. Nafika senta ya kwanza, nawaambia polisi au mwenyekiti wa kijiji (LC1), watu waende wakiwa wengi. Abiria nisiyemjua simpakii kabisa, kwa sababu wapanda boda wengi wameshambuliwa na mtu aliyekaa nyuma yao.

Na wakikushika, wape ufunguo. Usibishane, usiwakazie macho, usiwaambie kwamba umewatambua hata kama umewatambua. Wakiondoka, tafuta watu, piga 999, funga laini zako, kisha nenda kituo cha polisi na usitoke bila namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Nyumbani mwachie mke au ndugu nakala ya kadi ya pikipiki yenye namba ya chasisi na ya injini. Hizo ndizo polisi watakazozitafuta, kwa sababu pleti ya nyuma hung'olewa kwa bisibisi kabla pikipiki haijafika mbali.